Ada 1,300,000, mkopo umetoka nusunusu: nijiandae na shilingi ngapi hasa mwaka wa kwanza?

Mzazi wa Manyoni

Habari za humu ndani wakubwa zangu.

Binti yangu amechaguliwa chuo cha serikali Dar es Salaam, shahada ya uhasibu, miaka mitatu. Kwenye akaunti yake ya Bodi ya Mikopo amepangiwa hivi: chakula na malazi 2,400,000, vitabu na viandikwa 200,000, ada ya mafunzo 520,000. Maelekezo ya kujiunga yanasema ada ni 1,300,000 kwa mwaka, na chini yake kuna orodha ya michango mingine inayofika 185,400. Hosteli wanasema nafasi ni chache.

Hesabu yangu ni hii: ada iliyobaki ni 780,000, nikijumlisha 185,400 napata 965,400. Nusu nilipe sasa, nusu Machi. Mama yake anasema nimesahau mambo mengi, na akinitajia naona ana hoja. Chuo kinafunguliwa baada ya wiki tatu. Alizeti ipo ndani, bado hatujauza. Niuze yote sasa hivi? Na huo mkopo atakuja kuulipaje?

---

Karani wa Ada

Ndugu mzazi, hongera sana kwa binti. Mama yuko sahihi. Wewe umehesabu mwaka mzima. Jambo la kuhesabu ni wiki sita za kwanza, maana hapo ndipo watoto wanapokwama wakati kwenye karatasi kila kitu kimelipiwa.

Fedha za mkopo haziingii siku binti anaposhuka stendi. Kwanza anajisajili chuoni, chuo kinaithibitishia Bodi kwamba mwanafunzi huyu yupo, Bodi inatuma fedha, anasaini, ndipo zinaingia benki. Mwaka wa kwanza mlolongo huo ni mrefu kuliko miaka mingine kwa sababu majina bado yanahakikiwa. Mtu mwangalifu anajipangia wiki sita za kujitegemea. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiwahi, fedha iliyobaki haiozi.

Sasa tupange kwa kesi yako, tukichukulia hosteli amekosa.

Ada, sehemu yako kwa semista ya kwanza: 390,000. Michango ya chuo: 185,400, na hii hulipwa yote mwanzoni, haigawanywi kwa semista. Angalia orodha yako utakuta 20,000 ya udhibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu na 50,400 ya bima ya afya. Iliyobaki ni usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, fedha ya tahadhari na kadhalika. Kama binti tayari ana kadi ya bima iliyo hai kupitia mzazi au mwajiri wako, aende nayo. Vyuo vingi vinaipokea na ile 50,400 inaondoka.

Chumba cha kushirikiana wawili, tuseme 120,000 kwa mwezi, yeye alipe 60,000. Wenye nyumba wengi Dar wanataka miezi sita mkononi: 360,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, nusu yake ni 60,000. Godoro la 3 kwa 6, ndoo mbili, sufuria, sahani, shuka, neti, na nusu ya bei ya jiko la gesi la kilo 6 akishirikiana na mwenzake: weka 220,000. Nauli na mizigo 50,000. Chakula cha siku 42 kwa 6,000 kwa siku ni 252,000.

Jumla ni 1,517,400. Hiyo ndiyo fedha inayotakiwa kabla bumu la kwanza halijaonekana. Wewe ulikuwa umejiandaa kutoa kama 482,700 sasa. Tofauti ni zaidi ya milioni moja, na hakuna hata shilingi moja humo ya anasa.

Akipata hosteli ya chuo, zile 420,000 za kodi na dalali zinaondoka, analipa ada ya hosteli ya semista ambayo ni ndogo kuliko hapo kwa mbali. Kwa hiyo siku dirisha la maombi ya hosteli linapofunguliwa kwenye mfumo wa chuo, aombe siku hiyohiyo. Wengine hukosa kwa sababu walisubiri mpaka wamefika Dar. Na akipata, alipie ndani ya muda uliowekwa, maana nafasi isiyolipiwa mfumo unampa mtu mwingine.

Kosa moja ambalo wazazi wenye nia njema wanalifanya: usilipe ada yote 1,300,000 kwa kuogopa kwamba mkopo umechelewa. Sehemu ya Bodi inakwenda chuoni moja kwa moja, haipiti kwa binti. Ukishalipa yote na Bodi nayo ikaleta 520,000, chuo hakikurudishii fedha mkononi kirahisi. Inabaki kwenye akaunti yake kama akiba ya semista ijayo. Wakati huo wewe fedha hiyo ulikuwa unaihitaji kwa godoro.

---

Dada wa Dawati la Mikopo

Naongezea kwenye mkopo wenyewe, maana mzazi ameuandika kama vile umeshaingia.

Mzee wangu, mwambie binti afungue akaunti yake ya Bodi, ile inayoitwa SIPA, asome kipengele kimoja kimoja. Mkopo una sehemu mbalimbali: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Mtu akisema "nimepata asilimia 40" mara nyingi anazungumzia ada tu. Kwa binti yako, 520,000 kwa 1,300,000 ndiyo asilimia 40. Chakula na malazi amepewa kiwango chote, 10,000 kwa siku. Kabla ya mwaka 2022/23 ilikuwa 8,500, ndiyo maana mitaani bado mtasikia bumu la 510,000. Siku hizi siku 60 ni 600,000.

Akifika chuoni, mambo matatu asiyacheleweshe.

La kwanza ni akaunti ya benki. Iwe yake mwenyewe na jina lifanane na la cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema majina matatu na benki wameandika mawili, au wameandika Fatma badala ya Fatuma, fedha zinagonga zinarudi. Kama akaunti alifungua zamani na haijatumika, aweke hata 10,000 aitoe, ajue iko hai.

La pili ni alama za vidole. Bodi inatumia mfumo wa kusaini kidijitali, mwanafunzi anasajiliwa vidole chuoni na kila awamu ya fedha anasaini kwa kidole. Anayekwenda kusalimia nyumbani wiki ya kusaini anarudi anakuta muda umepita. Fedha isiyosainiwa hurejeshwa Bodi, na kuipata tena ni barua na kusubiri. Aangalie ubao wa matangazo na kundi la wasapu la darasa kila wiki. Kwa wale wenye vidole vilivyochakaa kwa kazi za shamba au kuungua, mashine wakati mwingine haisomi. Asajili vidole zaidi ya kimoja siku ile ya kwanza.

La tatu, namba ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyoombea chuo na aliyoombea mkopo ziwe moja. Waliorudia mtihani wana namba mbili, chuo wanaombea moja na Bodi nyingine, halafu mifumo haiwaoni kama mtu mmoja. Jina linaonekana Bodi, chuoni halipo. Kama binti yako alirudia, hakikisha hili kabla hajapanda basi.

Kuhusu rufaa. Baada ya Bodi kutangaza awamu za mikopo hufungua dirisha la rufaa. Rufaa ya kusema "sisi ni masikini" haina kazi, maana kila aliyeomba kasema hivyo. Inayofanya kazi ni nyaraka ambayo haikuwepo kwenye maombi ya kwanza au ilikuwepo ikakataliwa. Mzazi amefariki: cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa vyeti vya kule. Ulemavu wa mwombaji au mzazi: fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kaya ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini: namba ya kaya. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili: barua ya mfadhili huyo. Neno "kilichohakikiwa" ndilo linaloangusha wengi. Cheti halisi ukikipiga picha na kukipandisha bila kuhakikiwa kwanza, mfumo unakihesabu kama hakipo.

Mkishapata hizo nyaraka pandisheni wenyewe. Vishoka wa kwenye vibanda vya intaneti hawana njia ya ndani. Wanachokifanya ni kuweka namba zao za simu kwenye akaunti ya mtoto, na siku nywila ikipotea ujumbe wa kuibadilisha unakwenda kwao.

---

Gheto Makini

Shikamoo mzee. Mimi niongelee matumizi, maana 2,400,000 inasikika nyingi mpaka uigawe.

Bumu linakuja mara nne, 600,000 kila mara, jumla siku 240, yaani miezi minane. Mwenye nyumba anadai miezi kumi na miwili. Likizo ndefu bumu hakuna, kodi ipo. Hapo ndipo penye shimo ambalo watu wanalijua mwezi wa saba.

Kodi ya 60,000 kwa mwaka ni 720,000, karibu theluthi ya bumu lote. Ikigawanywa kwa zile siku 240 ni 3,000 kwa siku. Daladala 600 kwenda na 600 kurudi ni 1,200. Bando, sabuni, pedi, umeme, maji: weka 1,300. Imebaki 4,500 ya kula. Kwa 4,500 mtu anayepika anaishi vizuri tu, anayekula kantini na mgahawani mara tatu kwa siku hafiki. Wali maharage, chai na kitafunwa vikikusanywa vinapita hapo bila hata soda.

Ndiyo maana jiko la gesi lisionekane kama anasa. Mtungi wa kilo 6 wakipika wawili, mara moja kwa siku na kuchemsha chai, unakwenda mwezi na ushee. Wanunue unga, mchele, maharage na mafuta siku bumu linapoingia, vya mwezi mzima, ndipo wafikirie viatu. Ninyi mpo Manyoni, mna alizeti: dumu la lita 10 la mafuta ya kukamua na debe la maharage vikipanda basi na binti vinapunguza fedha taslimu kuliko kumtumia kwa simu na kukatwa makato.

Chumba: wapange karibu na chuo hata kama ni 20,000 zaidi kwa mwezi kwa wawili. Hiyo ni 10,000 kwake. Nauli ya 1,200 kwa siku tano ni 6,000 kwa wiki, zaidi ya 24,000 kwa mwezi. Wa mbali anafikiri ameokoa, kumbe analipa daladala na usingizi.

Msimlipe dalali kabla ya kuona chumba na kuongea na mwenye nyumba uso kwa uso. Wiki ya kufungua vyuo chumba kimoja kinaonyeshwa kwa watoto watano na wote wanatoa "ya kushikilia". Waandikishane mkataba, hata wa karatasi moja, uonyeshe kiasi, miezi na tarehe, na mita ya umeme ni ya nani.

---

Mzazi wa Manyoni

Mungu awabariki sana, nimekaa na mama yake tumeandika yote kwenye daftari. Maswali mawili yamebaki. Nikilipa hiyo 390,000 yangu, mfumo wa chuo hautamzuia kusajiliwa kwa kuwa fedha ya Bodi haijafika? Na hiyo milioni na nusu, kwa kweli mkononi ninayo laki saba. Kuna mtu hapa mjini anakopesha haraka, bila dhamana kubwa, anataka asilimia 20 kwa mwezi. Saccos yetu nayo ipo lakini wana mlolongo.

---

Karani wa Ada

La usajili: mfumo unaonyesha deni lote mpaka fedha ya Bodi iingizwe, hiyo ni kawaida, msishtuke. Binti achape ukurasa wa SIPA unaoonyesha 520,000 ya ada, aende nao pamoja na risiti ya 390,000 kwenye ofisi ya mikopo ya chuo, kisha uhasibu. Wakishaona mgao wanamfungulia usajili kwa sehemu aliyolipa. Malipo yafanyike kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo, iliyotoka kwenye akaunti ya binti mwenyewe. Asiazime ya mwenzake, asilipe kwa mtu. Kontroo namba ya ada na ya michango mara nyingi ni mbili tofauti, na ya hosteli ya tatu. Mzazi akijumlisha 390,000 na 185,400 akalipa 575,400 yote kwenye ile ya ada, mfumo utasema ada imezidi na michango haijalipwa, na usajili hausogei.

Alama nyekundu ya kuangalia ni wiki ya 12 hadi 14 ya semista. Hapo ndipo vyuo hutoa vibali vya kufanyia mtihani, na asiye na kibali haingii chumba cha mtihani hata kama anadaiwa 40,000. Kama kufikia wiki ya 10 sehemu ya Bodi bado haijaonekana, aulize ofisi ya mikopo mapema, asisubiri foleni ya siku ya mwisho.

---

Mhasibu wa Saccos

Ndugu yangu, huyo wa asilimia 20 kwa mwezi ni kausha damu, mwache kabisa. Chukua 800,000 kwake: kila mwezi riba peke yake ni 160,000. Miezi mitano umetoa 800,000 na deni la 800,000 bado limekaa pale pale. Ukija kuuza alizeti, unauza kwa ajili yake.

Saccos inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, mkopo uleule wa 800,000 kwa miezi 10: marejesho ya msingi 80,000 kila mwezi, riba mwezi wa kwanza 8,000, wa pili 7,200, mpaka wa mwisho 800. Riba yote mpaka unamaliza ni 44,000. Huo mlolongo unaousema, fomu na wadhamini wawili, ni wa siku chache. Anza kesho asubuhi. Ila uliza neno moja kabla ya kusaini: riba ni ya salio linalopungua au ya kiasi chote cha mwanzo? Asilimia 1 kwa mwezi ya kiasi chote kwa miezi 10 ni 80,000, karibu mara mbili, ingawa kwenye tangazo zote zimeandikwa asilimia 1.

Kuhusu alizeti. Usiuze yote. Gawa kwa kalenda ya chuo: kuna malipo ya sasa na kuna ya Machi semista ya pili, 390,000. Uza sasa ya kuziba pengo la wiki sita, nyingine iache ghalani. Ukiweza kukamua, mafuta yanauzwa kidogokidogo kila wiki na mashudu yana soko kwa wafugaji, hivyo unapata fedha zinazolingana na marejesho ya kila mwezi ya Saccos. Mwaka kesho msiuze yote wakati wa mavuno, kila mtu ana magunia na mnunuzi anajua una shida. Tengeni magunia ya ada pembeni kabisa, yasihesabiwe kwenye chakula wala harusi.

---

Mwalimu wa Six

Naomba niseme jambo ambalo bado halijaguswa. Je, uhasibu huohuo haukuwepo Dodoma? Kutoka Manyoni ni kama kilomita 120 hivi, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina hosteli nyingi kuliko vyuo vingi vya Dar. Ada zinaweza kukaribiana, lakini kodi, dalali, nauli na dumu la mafuta vinabadilika kabisa. Kuna dirisha la uhamisho kati ya vyuo linalosimamiwa chini ya taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na Bodi huhamisha mkopo kumfuata mwanafunzi. Masharti yake: nafasi iwepo, na ufaulu wake ufikie wa kozi anayohamia. Kasoro yake ni kwamba mkopo unaohama unachelewa, hivyo zile wiki sita za Karani zifanye kumi.

Si lazima ahame. Nasema hili kwa wazazi wanaosoma hapa ambao watoto wao wapo kidato cha sita sasa hivi. Gharama ya chuo inaamuliwa siku ya kuchagua chuo, mwezi wa saba, mezani nyumbani. Na maombi ya mkopo yanafunguliwa Juni, yanafungwa mwishoni mwa Agosti. Vyeti vya kuzaliwa mvihakiki RITA mapema, hata Machi. Foleni ya Agosti ya uhakiki ndiyo inayowatoa wengi. Waliofaulu vizuri sana sayansi wanaweza kupata Ufadhili wa Samia ulioanza 2022/23, ambao si mkopo, haurudishwi. Wa mchepuo wa biashara kama binti huyu haumhusu.

Jingine: masomo. Bodi inalipa kwa muda wa kawaida wa kozi. Akishikwa akarudia mwaka, mwaka ule wa marudio hauna bumu wala ada ya Bodi. Ni wenu mia kwa mia. Kwa hesabu mlizoandika hapo juu, mwaka mmoja wa kurudia ni 1,300,000 ya ada, michango, na ile 2,400,000 ya kuishi. Karibu milioni nne. Sapu na keri, yaani mitihani ya marudio na masomo ya kubeba mwaka unaofuata, zinaweza kuepukika kwa kuhudhuria vipindi vya wiki nne za kwanza, wakati ambao wengi wako kwenye foleni za hosteli. Akiumwa au akipata msiba mzito, aahirishe masomo kwa barua rasmi ya chuo, nakala ifike ofisi ya mikopo. Anayetoweka bila barua anahesabiwa ameacha.

---

Dada wa Dawati la Mikopo

Swali la kulipa mkopo halijajibiwa, nalijibu.

Kwa mgao wake, mwaka mmoja ni 3,120,000. Miaka mitatu ikiwa mgao haubadiliki: 9,360,000. Mafunzo kwa vitendo yatapandisha kidogo. Kuna asilimia 1 ya uendeshaji inayotozwa mara moja, 93,600. Deni linakuwa 9,453,600. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya fedha iliyokuwa inaongezeka kila mwaka ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10. Wanaowatisha watoto kwamba deni linazaa wanasimulia ya zamani.

Baada ya kumaliza chuo kuna miezi 24 ya kujipanga. Akiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Mshahara wa msingi 800,000: makato 120,000, anamaliza kwa miezi 79, miaka sita na miezi saba. Mshahara 500,000: makato 75,000, miezi 127, miaka kumi na miezi saba. Asiyeajiriwa anajilipia mwenyewe kwa kontroo namba, na hata kabla ya miezi 24 kwisha anaruhusiwa kuanza kidogokidogo.

Hiyo asilimia 15 inakatwa kabla hajaona mshahara. Kwa hiyo akienda kukopa benki mwaka wa kwanza wa kazi, benki itahesabu kilichobaki baada ya Bodi, na theluthi ya mshahara wa msingi lazima ibaki kwake. Wahasibu wana mitihani ya CPA, ile ya taaluma ya uhasibu, ya kulipia pia. Aipange kabla ya kukopa kwa ajili ya pikipiki.

Atunze barua za mgao za kila mwaka na risiti zote. Inatokea mtu anadaiwa fedha ambazo hakusaini kuzipokea, zilirudi Bodi, lakini taarifa haikusahihishwa. Mwenye karatasi anasahihishiwa.

---

Gheto Makini

Mzee, la mwisho kutoka kwangu. Laki saba uliyonayo mkononi igawe hivi: 575,400 kwa kontroo namba wiki hii, ili usajili usikwame, maana bila usajili hakuna bumu. Iliyobaki, 124,600, ni nauli na chakula cha karibu wiki mbili. Wakati huo Saccos inashughulika na 800,000, ambayo ndiyo chumba, godoro na vyombo, na chakula cha karibu wiki nne zinazofuata. Chumba akitafute akiwa huko, alale siku tatu nne kwa ndugu au kwa mwanafunzi mwenzake aliyetangulia, msimtumie dalali fedha akiwa bado Manyoni.

---

Mzazi wa Manyoni

Nimeelewa. Kesho Saccos saa mbili asubuhi, na binti ameshaomba hosteli usiku huu, mfumo umemwandikia "inasubiri". Cheti cha kuzaliwa kina jina Mwanaidi, cha kidato cha nne Mwanahidi. Mkopo umetoka hivyohivyo. Niache au nishughulike?

---

Dada wa Dawati la Mikopo

Shughulika. Mkopo umetoka kwa kuwa namba ya uhakiki ya RITA ilipita, lakini benki itasoma jina la kitambulisho na Bodi itatuma kwa jina la kidato cha nne. Nendeni kwa wakili au mahakamani mkaape hati ya kiapo kwamba Mwanaidi na Mwanahidi ni mtu mmoja, nakala tatu zenye muhuri: moja benki, moja chuoni, moja abaki nayo. Akaunti ya benki ifunguliwe kwa "Mwanahidi", kama kilivyo cheti cha kidato cha nne, na kiapo kiambatanishwe. Fanyeni Manyoni kabla hajasafiri, huko Dar wiki ya kufungua chuo mawakili nao wana foleni.